Muvi ya chuo ikiwaangusha: namna ya kuitazama wawili hadi mwisho

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, Ijumaa moja swahiba wangu alikuja chumbani na DVD aliyoinunua karibu na kituo cha daladala. Jalada lilipendeza: vijana sita wameruka hewani, nyuma yao jengo la matofali mekundu, na juu kabisa jina la mchekeshaji wa Kimarekani tuliyempenda wote wawili. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limeshaisha na ile ilikuwa hela yake ya mwisho ya wiki. Tukazima taa, tukakaa kitandani, kompyuta juu ya kiti. Mchekeshaji wetu alitokea dakika ya nane akiwa mlinzi wa geti, akasema maneno mawili matatu, akapotea na hakurudi tena. Ilipofika nusu saa nikatoa simu, nikaanza kusoma meseji. Swahiba akanitazama, akasema, "Basi tuzime, kaka." Akaitoa ile DVD, akairudisha ndani ya jalada taratibu, akaaga. Zilipita wiki mbili kabla hajaniambia tena kwamba kuna kitu tukatazame.

Muvi ile niliisahau siku ileile. Kilichoniuma ni namna alivyoirudisha ndani ya jalada, kama mtu aliyepika chakula kikakataliwa. Tangu hapo tumetazama pamoja vichekesho vingi vya chuo vya bei rahisi, vizuri vichache na vibovu tele, na tumejifunza njia ya kuvitazama. Naiandika hapa kwa yeyote aliye na rafiki na saa moja na nusu ya kukaa naye.

1. Jueni mnakwenda kutazama nini

Ukitaka kujua kwa nini vichekesho vya chuo vinafanana hivyo, anzia mwaka 1978. Mwaka huo ilitoka Animal House, iliyoongozwa na John Landis, habari ya nyumba ya wanafunzi watukutu katika chuo cha kubuni kiitwacho Faber, mwaka 1962. Ilipigwa picha Chuo Kikuu cha Oregon, mjini Eugene, kwa bajeti ya kama dola milioni 3, fedha ndogo kwa kampuni kubwa ya Hollywood. Marekani peke yake iliingiza zaidi ya dola milioni 140. Watayarishaji wengine wakaona njia imefunguka: chuo kimoja, nyumba moja, sherehe moja, mkubwa mmoja mkali wa kuogopwa, na vijana ambao hakuna haja ya kuwalipa kama nyota.

Tangu hapo mfumo ni uleule. Kuna frateniti, yaani chama cha wanafunzi wa kiume chenye jina la herufi za Kigiriki na nyumba yao ya kukaa. Kuna msimamizi wa wanafunzi anayetaka kuifunga nyumba hiyo. Kuna mwanafunzi mpya mwenye haya, kuna sherehe ya kuokoa nyumba, na kuna hotuba mwishoni. Enzi ya DVD ilipokolea, nyingi za aina hii zikawa hazipiti sinema kabisa. Zilikwenda moja kwa moja dukani, na kazi ya kuziuza ikabaki kwa jalada. Ndiyo maana ukiona jina la nyota limeandikwa kubwa kuliko jina la muvi yenyewe, ujue huenda alifanya kazi siku moja tu. Kumlipa nyota siku moja kunawezekana hata kwa mfuko mdogo, na jina lake linauza muda wote.

Hili mlijue kabla ya kubonyeza, ili matarajio yenu yakae mahali pake. Lakini msije mkaamini kwamba bei rahisi ndiyo kasoro. Mwaka 1994 Kevin Smith alitoa Clerks kwa dola 27,575. Haihusu chuo, inahusu vijana wawili wauza duka, lakini kila anayetaka kutazama muvi za bei rahisi kwa haki aijue habari yake. Aliipigia picha kwenye duka lilelile alilokuwa akifanyia kazi New Jersey, na ilibidi afanye hivyo usiku kwa kuwa mchana duka liko wazi. Sasa muvi inatakiwa ionekane mchana, na nje ni giza. Alichofanya ni kuandika ndani ya hadithi kwamba mtu ametia ubani wa kutafuna kwenye kufuli, kwa hiyo vizuizi vya madirisha havifunguki siku nzima. Tatizo la mwanga na saa likawa sehemu ya kichekesho. Mtu mwenye hela kidogo anayefikiri hivyo namheshimu sana, na ndiye ninayemtafuta kila ninapoweka muvi ya bei rahisi.

2. Aliyechagua asiachwe peke yake

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke hata ukiacha nyingine zote. Anayechagua muvi na kumwalika mwenzake amejiweka wazi. Anasema, bila kutamka, kwamba hiki nadhani kitakuchekesha, nadhani nakufahamu. Muvi ikianguka, yeye ndiye anayeona haya, ingawa hakuandika wala hakuiongoza.

Kwa hiyo kubalianeni mapema. Mnaweza kuchagua kwa zamu, leo wewe, Ijumaa ijayo yeye, na zamu isibadilike hata muvi ya mtu ikiwa mbovu kiasi gani. Au chagueni wote, kila mmoja ataje mbili, mwenzake achague moja kati ya hizo, hapo lawama haina pa kukaa. Neno "nilikuambia" lipigwe marufuku usiku huo. Na simu ziwekwe mezani, kioo kikiangalia chini. Mimi huweka yangu juu ya kabati, mbali na mkono, kwa sababu najua ilichofanya ile Ijumaa.

Kama wewe ndiye uliyealika na unaona mwenzako amenyamaza, usianze kuomba radhi kila dakika tano. Radhi nyingi zinamlazimisha mgeni akubembeleze badala ya kutazama. Sema mara moja, "Naona imeanza vibaya, tuipe muda," kisha endelea kutazama kwa moyo.

3. Maandalizi

Hayahitaji mengi. Angalia uniti za luku kabla mgeni hajaingia. Kama unatumia kompyuta, chaji betri ijae, maana umeme ukikatika dakika ya sitini hamtarudi tena kwenye muvi mbovu. Unganisha sabufa, lakini punguza besi: muvi za bei rahisi hurekodiwa sauti vibaya, na besi ikizidi maneno yanazama kabisa. Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza mnakijua, kwa sababu utani wa chuo wa Kimarekani umejaa majina ya mitaani na vifupisho. Mahali pengine maandishi ndiyo yatakayowaambia kwamba hapo palikuwa na utani.

Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja bila kutazama sahani: karanga, bisi, mihogo ya kukaanga, mishikaki iliyoshachomolewa kwenye kijiti. Chipsi mayai subirini mapumziko. Kaeni bega kwa bega, msikae mmoja mbele na mwingine nyuma. Kicheko cha mwenzako unakihisi begani kabla hujakisikia, na hicho kinasaidia muvi yoyote.

4. Dakika ishirini za mwanzo, kimya

Msiseme lolote la kukosoa kwa dakika ishirini. Mkianza kuipiga mawe tangu majina ya waigizaji, mtakuwa mmejinyima nafasi ya kushangazwa. Katika muda huo kila mmoja atafute kitu kimoja kizuri, hata kidogo: mwigizaji wa pembeni anayejua kutazama, mzaha mmoja uliokatwa kwa wakati, rangi ya chumba. Mkifika ishirini, simamisheni, kila mtu ataje chake. Ukikosa, sema umekosa.

Swahiba wangu ana jicho la waigizaji wa pembeni. Mara nyingi yeye ndiye anayemwona yule dada wa maktaba mwenye maneno matatu tu, lakini anayasema kama mtu aliyewahi kufanya kazi maktaba kweli. Basi tangu hapo tunamsubiri huyo dada, na muvi inakuwa na sababu ya kuendelea.

5. Ikishaanguka, oneshaneni ilipoangukia

Kusema "mbaya hii" hakumsaidii mtu. Chukueni rimoti, rudisheni nyuma, tafuteni ni wapi hasa kicheko kilipokufa. Hapa ndipo penye utamu wa jambo zima, na hapa ndipo mimi na swahiba tunapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Nitoe mfano mmoja kwa karibu. Katika muvi moja tuliyotazama, kijana anapita mkahawani amebeba sinia la supu. Anateleza. Kamera iko mbali, upande wa pili wa ukumbi, na haisogei. Sinia linaanguka nje ya picha. Tunasikia kishindo. Kisha picha inakata, tunamwona msimamizi wa wanafunzi amesimama, shati limeshalowa, supu imeshapoa juu ya tai. Hatukuona ikiruka, hatukuona uso wake supu inapomfikia. Tulicheka kidogo, kwa adabu. Swahiba akarudisha nyuma mara tatu, mara ya nne akasema, "Walikuwa na shati moja."

Nikatazama tena, nikaona amesema kweli, au angalau ndiyo maelezo yanayoshika. Ukiwa na shati moja na saa moja ya kukaa ukumbini, huwezi kurudia. Ukimwaga supu ikakosa pembe, siku imeharibika. Kwa hiyo mwongozaji alipiga salama: mwagiko nje ya picha, shati lililokwisha kuloweshwa tayari. Kumbe kilichotuangusha ni uoga wa mtu aliyekuwa anahesabu. Tangu aliposema vile sikuweza tena kuichukia ile muvi. Nilimwona mtu nyuma ya kamera.

Linganisheni na ile ya 1978. John Belushi anapita kwenye foleni ya mkahawa na sinia lake, anapakia chakula, kingine anatia mdomoni papo hapo, kingine mfukoni. Hasemi lolote la maana. Unachotazama ni mtu mmoja, uso wake na mikono yake, na mkahawa wa kawaida wa chuo. Gharama yake ni chakula. Kwa hiyo mnapotafuta kosa, jiulizeni kwanza kama kweli ilihitajika hela, au ilihitajika kamera isogee karibu na kuacha mtu afanye kazi yake.

Mambo mengine ya kutazama, mkishazoea mtayaona upesi. Chuo kitupu: uwanja mpana, jengo kubwa, na wanafunzi sita tu, wale wale wanaopita kushoto kisha wanarudi kulia wamevaa kofia. Watu wa kupita nyuma wanalipwa na wanakula, ndiyo maana ni wachache. Ukumbi mmoja unaotumika kuwa korido ya bweni, ofisi na hospitali, kwa kubadilisha bango tu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye mvi za pembeni. Muziki wa sherehe unaofanana na wimbo maarufu lakini sio wenyewe, kwa kuwa haki ya wimbo maarufu inaweza kula sehemu kubwa ya bajeti. Na sauti: sikilizeni mtu anapojibiwa. Kama ukimya wa chumba unabadilika kila picha inapokata, mara kuna upepo, mara hakuna, hiyo inavunja utani bila mtazamaji kujua kwa nini. Mzaha ni pumzi. Pumzi ikikatizwa na mvumo wa feni, umekwisha.

Mkibishana, bishaneni. Swahiba na mimi tuliwahi kukaa robo saa tukibishana kama mzaha fulani ulikufa kwa sababu ya mhariri au mwigizaji. Yeye alisema mhariri alikata kwa kuchelewa. Mimi nilisema mwigizaji alijua anachekesha, na mtu akijua hivyo uso unamsaliti. Hatukukubaliana hadi leo.

6. Sehemu iliyokufa kabisa, mmoja awe DJ

Kila muvi ya aina hii ina dakika kumi, kwa kawaida kabla ya sherehe kubwa, ambapo hakuna kinachotokea. Hapo punguzeni sauti, mmoja asimulie kwa Kiswahili; huyo ndiye DJ.

Sisi watu wa huku tuna urithi wa jambo hili. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanamkumbuka Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili hadi watu wakawa wanatafuta sauti yake kuliko filamu yenyewe. Uganda wana wasimulizi wao, wanaoitwa VJ, akina VJ Jingo, na ukitazama Who Killed Captain Alex ya mwaka 2010, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Isaac Nabwana, utamsikia VJ Emmie akishangilia juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho. Watu hawa walijua kwamba filamu inaweza kuongezewa uhai na mtu aliyekaa upande wa watazamaji.

Sheria ya DJ ni moja: asiwadhihaki waigizaji, awape maisha. Yule msimamizi mkali mpe jina, mpe mke aliyesafiri, mpe deni la SACCOS. Wale wanafunzi wanaopita na kofia, sema wanakwenda wapi. Swahiba alimfanya mmoja wao kuwa kijana wa Kigoma aliyepotea njia akitafuta ofisi ya Bodi ya Mikopo, na kila alipopita nyuma ya picha tulimwonea huruma kweli. Dakika tano kwa mtu mmoja zinatosha, kisha mpokezane.

7. Kuna yasiyovumilika

Vichekesho vya chuo vina doa lao la zamani: kumchungulia msichana bila yeye kujua, kumlewesha, kumdanganya hadi kitandani, halafu tunaambiwa tucheke. Hapo usicheke kwa kumfurahisha mwenzako. Sema, "Hii imenikera," pelekeni mbele, muendelee. Nilichelewa sana kuanza kusema hivyo, nikidhani nitaonekana naharibu starehe. Siku niliposema, swahiba alijibu kwamba na yeye alikuwa anasubiri mtu aseme. Kama tukio lenyewe ndilo uti wa mgongo wa hadithi, zimeni. Msisubiri mwisho.

Sababu nyingine ya kuzima ni usingizi au uchovu wa kweli. Lakini kuzima kuwe kwa wawili. Ulizaneni waziwazi, "Tuendelee?" na wote mjibu. Asiwe mmoja anayeinuka kimya kimya, wala mmoja anayebaki kwa kumwogopa mwenzake.

8. Majina yakianza kupanda, anzeni yenu

Majina ya mwisho yakianza kupanda msiwashe taa mara moja. Acheni yapande. Someni machache kwa sauti. Mara nyingi mtaona jina moja limeandika, limeongoza na limehariri, na jina la ukoo lilelile limepika chakula. Hapo ndipo mtajua mlikuwa mnatazama familia ikijaribu.

Kisha simulianeni chuo chenu. Hii ndiyo zawadi ya muvi mbovu, kwa sababu ile nzuri inawajaza hadi hamna la kuongeza, na hii imeacha nafasi wazi kila upande. Walishindwa kuonesha sherehe, nyinyi semeni ya kwenu. Sisi tumezungumza usiku mzima juu ya kubebana, wawili kitanda cha futi mbili na nusu, kichwa huku miguu kule, na mwenye chumba akiogopa ukaguzi. Tumezungumza juu ya siku bumu linaingia, foleni ya mashine ya benki ilivyozunguka jengo, na ile wiki ya mwisho ya kula mkate na chai ya rangi. Juu ya matokeo kubandikwa, mtu anatafuta namba yake ya usajili kwa kidole, sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, na jirani yetu wa chumba aliyedisko, yaani aliyefukuzwa chuo kwa kufeli, akafungasha usiku ili asimuage mtu. Hiyo ya mwisho hatukuwahi kuizungumza kabla. Ilitoka kwa sababu muvi ilikuwa na kijana anayefukuzwa chuo, na walilipitisha tukio hilo kwa sekunde kumi na muziki wa furaha. Swahiba akasema, "Hawakumpa hata nafasi ya kukunja shuka." Tukanyamaza, kisha tukaanza kumkumbuka yule jirani, alivyokuwa akipiga pasi mashati ya watu wengine bila kuombwa.

Usiku ukiwa mwingi, msindikize mwenzako hadi barabarani. Msizungumzie tena kasoro. Muulize swali moja tu: kama ungepewa kipande kimoja cha ile muvi ukitengeneze upya, kwa hela ileile, ungechukua kipi? Swahiba hujibu akiwa ameshakaa kwenye bodaboda, dereva anasubiri, na mara nyingi anachagua ile supu. Anataka kamera isogee hatua tatu, na shati aazime kwa mtu.